Siku ya mataifa chuoni India: tumepika chapati, sambusa na pilau, tukaulizwa "chakula chenu kiko wapi?"

#1 MpikaWaPune
Wakuu, salaam. Niko Pune, jimbo la Maharashtra, mwaka wa pili. Jumamosi iliyopita chuoni kwetu ilikuwa siku ya mataifa. Kila nchi inapewa meza moja, kitambaa cheupe na saa tatu za kujinadi.

Watanzania tuko kumi na mmoja. Tulichanga rupia 500 kila mtu, tukaamka saa kumi alfajiri, tukapika kwa majiko mawili ya kuazima. Mezani tukapanga chapati, sambusa, bajia, kachumbari, pilau na chai ya maziwa yenye tangawizi. Bendera juu, dada zetu wamejifunga kanga, mimi na jamaa watatu tumevaa shuka la Kimasai (mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, msiniulize).

Mgeni wa kwanza alikuwa mhadhiri, mama wa makamo. Akaizunguka meza mara mbili, akatabasamu, kisha kwa upole kabisa akauliza: "Pamependeza. Na chakula cha kwenu mmekiweka wapi?"

Nikamwambia ndicho hiki. Akainama kusoma vikaratasi tulivyobandika. "Chapati." Akasogea. "Bajia." Akasogea. "Kachumbari." Akanitazama kama mtu aliyeletewa zawadi ya kikombe ambacho kiliazimwa kwake.

Meza ya pili yake walikuwa Waethiopia, watano tu, na injera yao, ule mkate wao mpana na laini. Foleni ilifika mlangoni.

Nauliza kwa nia njema: tulikosea wapi? Na mwakani tuweke nini mezani? Matusi sitaki.

#2 Kiroboto
Picha iko wapi? Uzi bila picha ni porojo.

#3 BintiKariakoo
Nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga mlango. Ila hamkukosea kitu. Chapati yetu siyo ya kwao. Ya kwao ni unga na maji, inachomwa kavu, inamaliziwa motoni ivimbe, basi. Ya kwetu inasukumwa, inapakwa mafuta, inaviringwa kama konokono, inalazwa, inasukumwa tena, ndipo inaingia kikaangoni. Ikitoka unaipiga makofi tabaka ziachane. Ungemweleza hivyo huyo mama angevuta kiti.

#4 FundiSaa
Binti, ulichoeleza hapo ni parota ya Kerala. Nimesoma Kochi miaka minne. Konokono yule yule, makofi yale yale, na vibanda vinauza mpaka usiku wa manane.

#5 BintiKariakoo
Basi nimenyamaza.

#6 MlaSembe
Tatizo letu ni aibu. Mtanzania ukimwambia "sherehe" kichwani mwake linakuja pilau. Ugali tunaula siku zote saba, ila mgeni akibisha hodi tunauficha chini ya meza. Harusi gani mmewahi kwenda mkapewa ugali na dagaa? Sasa mkifika ughaibuni mnapika vya harusi, na vya harusi vyetu vingi vilikuja na majahazi. Mngesonga ugali, mkaweka kisamvu cha karanga na mlenda pembeni, huyo mama angekosa la kusema.

#7 MpikaWaPune
MlaSembe, wazo hilo tulikuwa nalo. Wiki moja kabla tulijaribu. Unga wa mahindi wa huku ni wa njano, wanaupikia mikate kule Punjab na kuila na majani ya haradali. Tukausonga. Ukatoka mtamu mtamu, unakatika kama keki. Jamaa wa Iringa alikaribia kulia.

Halafu kuna jambo sikulisema kule juu. Chuo hakiruhusu nyama uwanjani. Hata samaki, hata yai. Kwa hiyo sambusa zilikuwa za viazi na pilau lilikuwa la njegere.

#8 Kiroboto
PILAU LA NJEGERE. Unalisema leo, posti ya saba? Umetuacha tunamtetea mshitakiwa kumbe kakiri polisi.

#9 DadaUnguja
Jamani mie nina swali. Pilau bila nyama ni pilau? Huo ni wali wa viungo. Supu ya nyama ndiyo inayotia rangi na harufu, na vitunguu vinakaangwa mpaka viwe kahawia, siyo kuvipitisha tu motoni. Mliyompa huyo mama ni pulao yake mwenyewe, anaila kila Jumapili. Hapo hamna cha utamaduni, mmemrudishia chenji.

#10 MzeeKibatari
Vijana, nimesoma kwa raha. Mimi nilisoma Uingereza enzi za barua za karatasi ya bluu, na ugomvi huu tulikuwa nao.

Narekebisha kidogo hapo kwa MlaSembe. Mahindi asili yake ni Amerika. Yalifika pwani yetu kwa Wareno, karne ya 16 na kuendelea. Muhogo nao ulitoka Brazili, kwa hiyo hata kisamvu. Karanga, Amerika ya Kusini. Nazi na ndizi, Asia. Katika sahani yako ya kizalendo kilichobaki ni mlenda.

Nafaka za kwetu hasa ni mtama, uwele na ulezi. Hizo ndizo walizolima mababu kabla ya meli yoyote.

#11 MlaSembe
Mzee, umeniachia mlenda peke yake? Na ugali sijala bado.

#12 MwanaBengaluru
Mzee Kibatari kanifungulia mlango. Niko Bengaluru, jimbo la Karnataka. Huku wakulima chakula chao kikuu ni ragi mudde. Ragi ni ulezi. Wanachemsha maji, wanatia unga, wanasonga kwa mti, wanafinyanga tonge kubwa jeusi la mviringo, wanalichovya kwenye mchuzi na kulimeza bila kutafuna. Ukitafuna wanakucheka.

Mara ya kwanza kuliona mezani niliita wenzangu chumba kizima. Huo ni ugali wa ulezi, hauna jina jingine. Sasa fikiria ningeusonga siku ya mataifa. Wangesema "mudde!" na mimi ningerudi kwenye foleni ya mshitakiwa wa Pune.

#13 Mjukuu_wa_Pasi
Kwa hiyo Wahindi ndio walituletea ulezi?

#14 MzeeKibatari
Hapana, kinyume chake. Ulezi ulianzia nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, ukavuka bahari kwenda Bara Hindi zamani sana, pengine pamoja na mtama na uwele. Hapo Maharashtra alipo mwenye uzi kuna mkate wa mtama, wenyewe wanauita bhakri. Na Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi ndogo, pendekezo lilitoka India. Sisi tulikuwa tunahangaikia bei ya sembe.

#15 MwanaBengaluru
Na kwa mwenye uzi: Waethiopia usiwaonee wivu. Rafiki yangu yuko Hyderabad, kwenye sherehe yao wageni walifunua injera wakashangilia "dosa!" (chapati nyembamba ya kwao). Jamaa aliondoka mezani kwenda kunywa maji.

#16 MtotoWaMvita
Hamjambo nyote. Mie ni wa Mombasa, nasoma Ahmedabad. Sisi Wakenya mwaka jana tuliweka mahamri na mbaazi za nazi. Tukajiona tumewapata. Akaja mzee mmoja, akaonja mbaazi, akasema "tuver!" Mbaazi asili yake ni Bara Hindi, hilo nililijua siku hiyo hiyo, tena nikiwa nimesimama mbele za watu.

Lakini hilo la chakula si kitu. Dadangu alikuwa kajifunga leso (nyie mnaita kanga) nzuri, jina lake la mafumbo kabisa, anawafasiria wageni maneno. Mwanafunzi wa kike akashika ncha, akaigeuza, akasoma pembeni: imetengenezwa India. Akauliza, "Hii ni ya kwetu?" Dadangu akamjibu kwa utulivu: "Kitambaa ni chenu. Maneno ni yetu."

#17 BintiKariakoo
Dada yako apewe shahada sasa hivi.

#18 DadaUnguja
Kweli kabisa, kanga nyingi tunazovaa zinachapwa India, mji wa Jetpur kule Gujarat ni mmoja wapo. Lakini kanga imeanzia Unguja, hilo tusidanganyane.

#19 MtotoWaMvita
Dada, hapo tutakosana. Neno leso ni la Kireno, ni ule mtandio mdogo. Kina mama wa pwani walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakavishona sita pamoja kupata nguo moja. Na duka la Mali ya Abdulla lipo Mombasa tangu 1887, mwenyewe ana asili ya Bara Hindi.

#20 DadaUnguja
Duka lipo Mombasa, sikatai. Fasheni ilitoka Unguja, nyie mkafungua duka. Na jina kanga ni la yule ndege mwenye madoa, kwa vile za mwanzo zilikuwa na madoadoa. Nenda kamuulize bibi yeyote wa Malindi, na nakusudia Malindi ya Mji Mkongwe, siyo ile yenu.

#21 Kiroboto
Tukiwaacha hawa wawili watafika kwa Sultani. Mwenye mchele wa basmati anisaidie kuhesabu posti.

#22 SinaHaya_wa_Masasi
Nimeona mbaazi zimetajwa nikaingia mbio. Kwetu Masasi mbaazi si chakula tu, ni ada ya shule. Soko letu kubwa lilikuwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi, bei Lindi na Mtwara ilianguka, watu wakaacha magunia yanaliwa na wadudu. Mimi ada yangu ya kidato cha tano ilikwamia hapo.

Korosho ndiyo hadithi ndefu. Zinaondoka Mtwara zikiwa na ganda, zinabanguliwa Kollam kule Kerala, zinapakiwa, zinauzwa dunia nzima. Mkiweka korosho mezani Pune mkasema "kutoka Tanzania", inawezekana ni kweli kuliko mnavyodhani, ila pakiti itawakanusha. (Mkorosho wenyewe nao ulitoka Brazili. Mzee Kibatari nakuona unataka kuandika, nimekuwahi.)

#23 MzeeKibatari
Nilikuwa nimeshaandika. Nimefuta.

#24 Engai_Punjab
Sasa tuzungumzie lile shuka alilolipita haraka mwenye uzi. Mimi ni Mmasai wa Longido, nasoma Punjab. Siku ya mataifa nilivaa suti, maana nilinunua suti mpya. Wenzangu, Msukuma, Mhehe na Mpare, wote wamevaa shuka, mmoja ameshika fimbo kichwa chini. Mpiga picha wa chuo akaja, akanisogeza pembeni kwa mkono: "Samahani, tunapiga Watanzania."

Na wale watatu walikuwa wanarukaruka. Mtu anaruka huku anachungulia kama simu yake inarekodi.

#25 Kiroboto
Uzi umefika hapa nafunga intaneti nikalale, leo sitapata kitu bora kuliko hiki.

#26 Mjukuu_wa_Pasi
Engai pole na hongera. Lakini kwa nini kila chuo, kila nchi, tunakimbilia shuka? Mimi naona ni utalii. Mzungu, Mhindi, Mchina, wote picha ya Tanzania waliyonayo ni mlima, simba na Mmasai. Tunavaa kile ambacho watazamaji wameshakilipia.

#27 MlaSembe
Siyo utalii. Ni begi. Ndege inakupa kilo 23 kwenye begi kubwa na humo kuna sembe, dagaa na madaftari. Shuka halina saizi, halihitaji fundi, linakunjika, na usiku wa baridi ni blanketi. Mimi langu nimelalia miezi sita, nimelivaa kwa utamaduni saa mbili.

#28 FundiSaa
Nina maelezo tofauti. Tuna makabila zaidi ya 120. Ukivaa vazi la Kichaga, Mhaya atauliza kwa nini siyo la Kihaya. Ukivaa la Kimasai hakuna anayelalamika, maana Wamasai kwenye kundi la wanafunzi huwa ni mmoja au hawapo kabisa. Ni kabila la watu wote kwa sababu wenyewe hawajaulizwa. Vazi la taifa limezungumzwa miaka na miaka, mpaka leo ukimwambia mtu "vaa vazi la taifa" anakuja na kitenge.

#29 Engai_Punjab
FundiSaa umegusa penyewe. Ila niseme haki: hata shuka si la zamani kivile. Mababu walivaa ngozi. Shuka ni nguo ya kiwandani, tulinunua dukani kama nyie. Kwa hiyo sidai mali, nadai tu mpiga picha asinitoe.

#30 MzeeKibatari
Engai, niongeze moja ambalo vijana hawalijui. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ilikuwa na kampeni ya kuwataka Wamasai waache hayo mavazi yao, wavae suruali. Mtu aliyevaa shuka alionekana anaiaibisha nchi inayotaka maendeleo. Leo watoto wa wale waliosimamia kampeni wanalivaa Pune na Punjab kuiwakilisha nchi hiyo hiyo.

Na kuhusu kuruka: tarehe 10 Desemba 1962, siku Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Akasema wengi wetu tuliosoma tulijua kucheza rumba na chachacha, lakini gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama wengine hatujapata hata kuzisikia. Naomba mliomo humu, anayeweza kucheza hata moja kati ya hizo tano anyooshe kidole.

#31 BintiKariakoo
(kimya)

#32 SinaHaya_wa_Masasi
Sindimba naijua! Haimo kwenye orodha, lakini naijua.

#33 DadaUnguja
Lelemama bibi yangu alicheza. Mie nimeona picha tu. Nimeinua nusu ya kidole.

#34 Mjukuu_wa_Pasi
Mimi naijua ile ya kuruka.

#35 Muhogo_wa_Wembley
Nachangia kutoka London. Wiki ya kwanza nilikuwa na njaa ya nyumbani, rafiki Mwingereza akanipeleka mgahawa wa Kihindi Wembley ili nionje "chakula halisi cha Kihindi". Nafungua orodha ya vyakula: *mogo* ya kukaanga, *mogo* ya pilipili. Nikamuuliza mhudumu, mogo ni nini? Akasema ni kitu chetu cha Kihindi, kama kiazi.

Kikaletwa. Muhogo! Umekaangwa, una chumvi, ndimu na pilipili ya unga, vile vile kama wa Coco Beach. Kumbe Wahindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania waliuhamisha na jina likiwa limekatwa katikati. Nilikula sahani mbili na kulipa bei ambayo Dar ningenunua shamba la muhogo.

Nilipomwambia mwenye mgahawa, akaita mama yake kutoka jikoni. Mama akaniuliza "habari gani", kisha akaniambia kwamba nyumbani kwao hadi leo hawasemi neno jingine kwa kisu, sufuria na fagio. Wajukuu zake wanadhani ni Kigujarati.

#36 FundiSaa
Hiyo ya kisu ni kweli, nimeisikia kwa Wagujarati wengi waliowahi kuishi kwetu. Na sisi tumechukua kwao gari, bima, laki, embe. Hatudaiani.

#37 Mtumwa_wa_Kahawa_Muscat
Nyie mnahangaika India. Njooni Muscat. Hapa nilipika mandazi nikayapeleka darasani, nikajiandaa kueleza. Mwalimu akachukua moja, akasema kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Hiliki umetia kidogo." Mishkaki inauzwa kando ya barabara kila jioni na wanaiita jina hilo hilo. Nusu ya darasa bibi zao walizaliwa Unguja au Pemba. Nilikuwa naonyesha utamaduni kwa watu wanaonisahihisha.

#38 Ndeko_Lushois
Jambo bandugu. Miye ni wa Lubumbashi, nasoma Liège, Ubelgiji. Kwetu ugali ni bukari na kisamvu ni sombe. Siku ya Afrika chuoni tulipika sombe sisi Wakongomani, na meza ya pili Wanyarwanda wamepika isombe, na ya tatu Warundi nao isombe. Ni majani yale yale, chungu tatu, kila mtu anasema ya jirani aliiga kwake. Wabelgiji walionja zote tatu wakaomba mkate.

#39 MwanaBengaluru
"Wakaomba mkate" nimeanguka.

#40 Mwanafunzi_Trabzon
Ya kwangu fupi. Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi. Unga wa mahindi upo tele, wa njano. Nikasonga ugali bwenini. Mwenzangu wa chumba, mwenyeji wa hapo, akachungulia sufuria akasikitika: "Umesahau siagi na jibini." Wao wanaita muhlama. Akatia mwenyewe. Kusema kweli nilikula, lakini nyumbani sitasema.

#41 KijanaWaJunagadh
Nimekuwa nasoma kimya kimya, mada imenigusa. Nasoma Gujarat, karibu na msitu wa Gir wenye simba wa Asia. Kuna kijiji kinaitwa Jambur, wenyeji wake ni Masidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, wamekuwa hapa kwa karne nyingi. Lugha yao ni Kigujarati, vyakula vya Kigujarati, mavazi vile vile. Kiswahili hawajui.

Lakini wana ngoma wanaipigia mawalii wao, na wanaiita *goma*. Ni neno letu lenyewe. Nilikwenda na wenzangu wawili. Kuna upinde wenye kibuyu unaopigwa kwa kijiti, wanauita malunga, na wanaimba maneno mengine ambayo wazee wao wenyewe wanasema maana yake ilishapotea. Nilitega sikio nikitafuta neno moja la kwetu. Sikulipata kwa hakika, sitaki kuwadanganya. Lakini mabega yalivyokuwa yanakwenda, jamaa yangu wa Bagamoyo alisimama akaingia katikati bila kualikwa, na hakuna aliyeuliza anatoka wapi.

#42 MzeeKibatari
Ahsante kijana. Na mwenye uzi hapo Maharashtra asisahau ngome ya Janjira baharini, iliyotawaliwa na Masidi. Malik Ambar naye, mzaliwa wa Ethiopia aliyeuzwa utumwani, akafika kuwa mtawala hapo kwenye uwanda wa Dekani na mwaka 1610 akaanzisha mji ulioitwa baadaye Aurangabad. Huo uko masaa machache kutoka Pune.

#43 Kiroboto
Kwa hiyo Waethiopia foleni wanayo tangu 1610.

#44 MlaSembe
Tumeongea ngoma, nguo, ngome. Mwenye uzi aliuliza apike nini. Mimi bado nasema ugali, na sembe abebe kwenye begi.

#45 DadaUnguja
Na mie nasema ubuyu. Hauhitaji jiko, hauna nyama, na mbuyu ni wa Afrika, hata mzee hatapinga. Utie sukari, hiliki, pilipili manga na rangi nyekundu. Wakimaliza midomo yao yote mekundu, hakuna atakayesema hakufika mezani kwenu.

#46 FundiSaa
Ongezea juisi ya ukwaju. Hiyo ina mkasa mzuri: Waarabu waliuita "tende ya Kihindi", na jina hilo ndilo lililokwenda Ulaya, wakati mti wenyewe asili yake ni Afrika. Watakuambia ni wa kwao. Safari hii una jibu.

#47 BintiKariakoo
Mnamfundisha aende kugombana na wenyeji kwenye chuo chao? Chapati apike. Watu wakila wakashiba, wakauliza ni ya nani, akae kimya atafune.

#48 Engai_Punjab
Na mpiga picha akija, kila mtu aseme kabila lake kwanza.

#49 MpikaWaPune
*(baada ya miezi mitatu)*
Naufukua uzi kwa kuwa niliwaahidi baadhi yenu kwenye ujumbe wa faragha. Jana idara yetu ilikuwa na siku ya vyakula. Tuliweka ubuyu, juisi ya ukwaju, muhogo wa kukaanga, na chapati, maana Binti aliniandama. Shuka hakuvaa mtu. Tulivaa mashati.

Ubuyu uliisha kwa dakika ishirini. Ukwaju walisema ni wao, kama alivyotabiri FundiSaa, nikawaeleza habari za asili yake, hakuna aliyeamini. Chapati walikula bila maneno.

Halafu akaja yule mhadhiri, safari hii amemshika mkono mama mkwe wake. Kizee cha sari nyeupe, Mgujarati, kinatembea polepole. Kikasimama mbele ya muhogo. Kikachukua kipande kimoja, kikatafuna, kikanitazama, na kwa Kiswahili ambacho sikukitegemea duniani hapa kikasema: "Nani kakaanga? Pilipili haba. Ndimu iko wapi?"

Kumbe alizaliwa Moshi. Waliondoka 1971, majumba yalipotaifishwa. Hakuwa amezungumza Kiswahili na mtu wa nje ya ukoo wake tangu mumewe afariki. Aliniuliza kama soko la Moshi bado lipo pale pale, na kama mlima bado unaonekana asubuhi. Nikamwambia theluji imepungua. Akakaa kwenye kiti changu, akala muhogo karibu nusu sinia, akamkaripia mkwewe aliyetaka kumzuia kwa ajili ya shinikizo la damu. Mhadhiri alikuwa amesimama tu, anatutazama kwa zamu, haelewi neno.

Wakati wa kuondoka bibi akaniuliza kama najua kupika chapati za maji. Nikasema najua. Akasema Jumapili.

#50 BintiKariakoo
Nalia basini. Watu wananiangalia.

#51 MzeeKibatari
Mpelekee na ubuyu. Na mjibu vizuri kuhusu soko, usimkatishe.

#52 DadaUnguja
Chapati za maji tia yai na hiliki, ukikosea bibi atakusema.

#53 MpikaWaPune
Yai hali, dada. Nimeshauliza.

#54 Kiroboto
Picha?

#55 MpikaWaPune
Simu yangu alikuwa nayo bibi. Aliazima ampigie dada yake Leicester, amwambie amekula mogo. Waliongea dakika arobaini na chaji ikaisha.